Gesi ya Kutuliza katika Tiba ya Meno: Mitazamo ya Madaktari na Haki ya Mgonjwa Mwenye Hofu

Utangulizi

Utulizaji kwa njia ya kuvuta hewa ni huduma ambayo mgonjwa wa meno huvuta, kupitia barakoa ndogo ya puani, mchanganyiko wa gesi ya nitrasi oksaidi na oksijeni ili hofu yake ipungue, huku akiendelea kuwa macho, akisikia na kujibu anapozungumzishwa. Gesi hii iliingia katika tiba ya meno mwaka 1844, na katika nchi kama Uingereza na Marekani hutumika kila siku kwa watoto na kwa watu wazima. Hata hivyo, huduma hii haitegemei mtungi na barakoa pekee. Hutegemea pia mtazamo wa daktari. Tafiti za dodoso zilizofanywa miongoni mwa madaktari wa meno katika nchi mbalimbali zimerudia kuonyesha pengo lilelile: wanaokubali kwamba gesi inafaa ni wengi kuliko wanaoitumia.

Makala hii inaeleza namna gesi inavyofanya kazi, kisha inachunguza hoja zinazotolewa na madaktari wasioitumia na kuipima kila hoja kwa haki. Lengo ni kumsaidia mhudumu wa afya atambue lini hoja hizo ni za kweli na lini ni mazoea tu, na kumsaidia mgonjwa ajue ana haki ya kuuliza nini.

Hofu ni sehemu ya ugonjwa

Mtu anayeogopa matibabu ya meno huchelewa kwa sababu maumivu anayoyajua humwia afadhali kuliko yale anayoyakisia. Humeza vidonge vya kutuliza maumivu, husukutua maji ya chumvi, huweka karafuu, na jino likitulia kwa siku mbili hujihesabu amepona. Wakati huo uozo unazidi kuingia ndani, kiini cha jino kinakufa na usaha unatafuta njia ya kutoka. Jino ambalo lingezibwa kwa muda mfupi sasa linahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa. Ubaya zaidi ni kwamba ganzi haishiki vizuri penye nyama iliyoambukizwa, hivyo aliyechelewa kwa kuogopa maumivu ndiye anayeyapata kwa wingi. Hurudi nyumbani na ushahidi mpya kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa, na simulizi lake husikiwa na watoto wake.

Katika vituo vingi vya Tanzania, kung'oa bado ndiyo huduma ya meno inayotolewa zaidi. Sababu zake ni nyingi: umbali, gharama, uhaba wa vifaa na wa wataalamu. Hofu ni mojawapo, nayo ina tofauti moja na hizo nyingine: mhudumu aweza kuanza kuishughulikia siku hiyohiyo mgonjwa anapoingia mlangoni.

Hofu hupimika. Dodoso fupi la maswali matano lililochapishwa Uingereza mwaka 1995 humuuliza mgonjwa angejisikiaje kama angekuwa na miadi ya meno kesho, kama angekuwa ameketi akisubiri zamu yake, kama angekuwa karibu kuchongwa jino, kama angekuwa karibu kusafishwa meno, na kama angekuwa karibu kuchomwa sindano ya ganzi. Kila jibu hupewa alama kuanzia 1 hadi 5, hivyo jumla huwa kati ya 5 na 25. Aliyepata 19 au zaidi huhesabiwa kuwa na hofu kubwa. Kliniki inayotumia dodoso la namna hii huacha kukisia nani anaogopa. Mara nyingi hugundua kwamba mtu mzima aliyekaa kimya kabisa kitini ndiye mwenye alama za juu.

Kwa mtoto, suala ni zito zaidi. Pasipokuwa na njia ya kumtuliza, mara nyingi hubaki kumwahirishia matibabu au kumshika kwa nguvu. Kumshika mikono na miguu huonekana kuokoa muda, na jino hutoka kweli. Lakini mtoto aliyetibiwa kwa kushikwa hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba daktari wa meno huumiza, na kwamba mzazi wake alisaidia kumuumiza. Funzo hilo hudumu kuliko jino lenyewe.

Gesi inavyofanya kazi

Nitrasi oksaidi haina rangi, ina harufu tamu hafifu na haikeri koo. Huyeyuka kwa kiasi kidogo tu katika damu, na sifa hiyo ndiyo inayoifanya ifae. Ikivutwa, athari yake huonekana ndani ya dakika chache; ikikatizwa, hutoka upesi kwa njia ileile ya mapafu. Karibu yote hutoka kama ilivyoingia, pasipo ini kulazimika kuivunja. Ndiyo maana mtu mzima aliyetulizwa kwa gesi peke yake, akishavuta oksijeni tupu na kuthibitika amerudia hali yake, kwa kawaida huweza kwenda zake siku hiyohiyo, tofauti na aliyepewa dawa za kutuliza kwa vidonge au kwa sindano ya mshipa.

Katika ubongo, gesi hii hupunguza wasiwasi kwa njia inayokaribiana na ile ya dawa za kundi la diazepamu, na hupunguza maumivu kwa kiasi kwa kuamsha vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Hata hivyo, nguvu yake ni ndogo. Ili gesi hii peke yake imlaze mtu kwa ajili ya upasuaji katika shinikizo la kawaida la hewa, ingebidi izidi asilimia 100 ya hewa anayovuta, jambo lisilowezekana. Kwa mtaalamu wa usingizi huo ni upungufu. Kwa daktari wa meno ni kinga, kwa kuwa kipimo kinachomtuliza mgonjwa kiko mbali na kipimo kinachomnyima fahamu.

Hapa kuna mambo mawili ambayo huchanganywa hata na wahudumu wenyewe. La kwanza, gesi hii si nusukaputi. Mgonjwa aliyelala na asiyejibu amepita kiwango kilichokusudiwa. La pili, gesi haichukui nafasi ya ganzi. Jino litakalong'olewa au kuchongwa kwa kina bado linahitaji sindano. Kazi ya gesi ni kumfanya mgonjwa aikubali sindano hiyo.

Namna ya kuitoa

Taratibu za utoaji hazina utata, lakini hazivumilii haraka. Kwa kawaida hufuata hatua hizi:

1. Kuchukua historia ya afya na ya dawa, kuhakikisha kwamba mgonjwa anaweza kupumua kwa pua, kueleza huduma na kupata idhini, kwa maandishi, kutoka kwake au kwa mzazi.

2. Kumvisha barakoa ya puani na kuanza na oksijeni tupu. Kwa mtu mzima mtiririko wa lita 5 hadi 6 kwa dakika hutosha wengi. Mfuko wa hewa wa mashine huonyesha kama mtiririko unalingana na pumzi zake. Mfuko ulionywea maana yake hewa haitoshi. Uliotuna bila kucheza maana yake mgonjwa anapumua kwa mdomo au barakoa inavuja.

3. Kuingiza nitrasi oksaidi kwa asilimia 10, kusubiri kama dakika moja, kisha kuongeza kidogo kidogo huku mgonjwa akiangaliwa na kuzungumzishwa. Wengi hutulia kati ya asilimia 30 na 40, na si kawaida kupita 50.

4. Kusimama pale utulivu unapofikiwa, kuchoma ganzi na kuendelea na matibabu.

5. Mwishoni, kufunga nitrasi oksaidi na kumpa mgonjwa oksijeni tupu kwa dakika 3 hadi 5, kumketisha taratibu, na kumruhusu aondoke akishathibitika kwamba yuko kama alivyokuja.

Mgonjwa aliyefikia kiwango kizuri huhisi joto, wepesi wa mwili, na mchonyoto mwepesi vidoleni. Mabega hushuka, mikono iliyokuwa imeshika kiti huachia, macho hupepesa polepole. Aliyepita kiwango huacha kujibu, hutoka jasho, hucheka pasipo kujizuia, huhisi kichefuchefu au hufumba mdomo mara kwa mara bila kutaka. Dalili hiyo ya mwisho ni ya thamani, na kwa sababu yake wakufunzi wengi hawashauri kutumia kifaa cha kuuweka mdomo wazi: humnyima daktari onyo la mapema. Tiba ya kupita kiwango ni kupunguza gesi, na ndani ya pumzi chache mgonjwa hurejea.

Katika hatua zote hizi sauti ya daktari inafanya kazi sawa na gesi. Mtoto huelezwa, huonyeshwa, kisha hufanyiwa, kwa mpangilio huo. Kumwambia, "Mwanangu, vaa pua hii ya rubani, tuvute hewa pamoja, vidole vikianza kuchonyota uniambie," humpa kazi ya kufanya na neno la kutarajia. Mtu mzima naye huambiwa ukweli: "Mama, utajisikia mwepesi, lakini utanisikia muda wote, ukitaka nisimame, inua mkono." Ahadi hiyo ya mkono ikitolewa, sharti itimizwe mara ya kwanza mkono unapoinuka.

Kilio kimoja kilichoifungia gesi njia

Historia ya gesi hii yafaa kusomwa kama historia ya mitazamo. Tarehe 10 Desemba 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria onyesho la burudani la Gardner Colton, ambapo watu waliivuta gesi hiyo na kuchekesha hadhira. Wells alimwona kijana mmoja akijeruhiwa mguu bila kuhisi lolote. Kesho yake alivuta gesi hiyo mwenyewe, akang'olewa jino na mwenzake John Riggs, na akasema hakuhisi maumivu ya maana. Akaanza kuitumia kwa wagonjwa wake.

Januari 1845 Wells alikwenda Boston kuionyesha mbele ya madaktari na wanafunzi. Mgonjwa alilia wakati jino likitolewa, inavyosimuliwa kwa sababu mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno. Hadhira ilimzomea. Mwaka uliofuata, mjini humohumo, etha ilionyeshwa kwa mafanikio na mwanafunzi wake wa zamani, William Morton, na nitrasi oksaidi ikawekwa kando kwa takriban miaka ishirini, hadi Colton alipoirudisha kwenye kung'oa meno katika miaka ya 1860. Gesi ilikuwa ileile muda wote huo. Kilichobadilika ni imani ya wataalamu, na imani hiyo iliamuliwa na kipimo kilichotolewa vibaya mara moja mbele ya mashahidi wengi. Madaktari wa leo wanaoikataa gesi kwa sababu ya tukio moja waliloliona au kusimuliwa wana mtangulizi wa zamani.

Hoja ya kwanza: "Siihitaji"

Daktari anayesema hivi mara nyingi ni mzoefu, mwenye mkono mwepesi na maneno mazuri. Hoja yake ina ukweli. Wagonjwa walio wengi hutibiwa salama kwa ganzi iliyochomwa taratibu, maelezo yanayoeleweka na subira. Tanzania yenyewe ina mchango wa kujivunia hapa: mbinu ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine ya kuchonga ilianzia nchini humo katikati ya miaka ya 1980, ikaenea duniani. Mbinu hiyo hupunguza kelele, mtetemo na mara nyingi hata haja ya sindano, na hivyo hupunguza sababu za kuogopa.

Hata hivyo hoja hii ina kasoro ya hesabu. Daktari huhesabu wagonjwa walioketi kitini na wakatibiwa. Hawahesabu waliofika hadi benchi la kusubiri wakaondoka, waliotibiwa mara moja wasirudi tena, wala watoto ambao wazazi wao walikata tamaa. Kwa kuwa wasiofika hawaandikwi popote, kliniki hubaki ikiamini kwamba hakuna anayehitaji zaidi ya inachotoa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2010 kuhusu watoto na vijana unaliweka suala mahali pake: pale mtoto anaposhindwa kuvumilia matibabu ya meno kwa ganzi peke yake, nitrasi oksaidi ni mojawapo ya njia za kufikiriwa. Gesi basi ni ya wachache waliobaki baada ya maneno mazuri kufika mwisho wa uwezo wake, na hao ndio wenye meno mabovu zaidi.

Hoja ya pili: "Ni hatari"

Hoja hii nayo haikuzuka hewani. Zamani gesi ilitolewa ikiwa na oksijeni kidogo mno, na sehemu ya usingizi uliopatikana ilitokana na ubongo kukosa oksijeni. Aidha, kwa miongo mingi madaktari wa meno wa Uingereza walitoa nusukaputi kwenye viti vya kliniki za kawaida, na vifo vilitokea. Ripoti ya kamati ya Poswillo ya mwaka 1990 ilitaka nusukaputi iepukwe kila inapowezekana. Ripoti nyingine ya serikali ikafuata mwaka 2000, na kufikia mwisho wa mwaka 2001 nusukaputi kwa ajili ya meno ilihamishiwa hospitali zenye huduma za dharura. Mgonjwa au daktari aliyesikia habari za vifo hivyo huenda akavihesabu kwenye gesi ya kutuliza, ilhali uamuzi huo ndio uliozidi kuipa utulizaji umuhimu kama mbadala ulio salama zaidi.

Mashine za kisasa za meno zimeundwa zisiweze kutoa oksijeni chini ya asilimia 30, na oksijeni ikikatika, nitrasi oksaidi hujifunga yenyewe. Viunganishi vya mitungi hutofautiana ili mtungi wa gesi moja usiingie mahali pa mwingine. Hatari inayobaki iko zaidi katika matumizi: kuchanganya gesi na dawa nyingine za kulewesha bila utaalamu, kuacha kumwangalia mgonjwa, au kutumia mashine isiyofanyiwa ukaguzi. Kwa sababu gesi yaweza kuleta njozi na kuvuruga kumbukumbu, mhudumu wa pili hana budi kuwapo chumbani muda wote. Uwepo wake humlinda mgonjwa, na humlinda daktari dhidi ya tuhuma.

Hatari ambayo husemwa kidogo ni ile ya wahudumu wenyewe. Mgonjwa huvuta gesi kwa nusu saa. Msaidizi wa daktari aweza kuivuta kila siku kwa miaka. Nitrasi oksaidi huizuia vitamini B12 isifanye kazi yake, na anayeivuta mara nyingi au kwa wingi aweza kupata upungufu wa damu na madhara ya mishipa ya fahamu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 miongoni mwa wanawake wasaidizi wa madaktari wa meno uligundua kwamba waliovuta gesi kwa saa 5 au zaidi kwa wiki, katika vyumba visivyo na mfumo wa kuinyonya gesi inayotoka, walikuwa na uwezekano wa kushika mimba katika kila mzunguko wa hedhi uliofikia asilimia 41 tu ya ule wa wenzao wasiofanya kazi na gesi hiyo. Waliofanya kazi penye mfumo wa kunyonya gesi hawakuonyesha upungufu huo. Somo ni wazi: chumba kisicho na mfumo huo, hata kiwe na mashine nzuri kiasi gani, hakijawa tayari.

Kuna pia suala la mazingira. Tani moja ya nitrasi oksaidi huongeza joto la dunia kwa takriban mara 270 ya tani moja ya hewa ya kaboni katika kipindi cha miaka 100. Hospitali zilizochunguza matumizi yao zimegundua kwamba kiasi kikubwa hupotea kwenye mabomba ya ukutani kabla ya kumfikia mgonjwa. Kwa kituo kinachoanza upya, jibu ni kutumia mitungi midogo inayohamishika na kuifunga baada ya kila matumizi.

Hoja ya tatu: "Haiwezekani hapa"

Mashine ni ghali, mtungi wa nitrasi oksaidi haupatikani kila mji, fundi wa kuikagua mashine yuko mbali, foleni ni ndefu, na bima huenda isilipie. Anayeyasema haya katika hospitali ya wilaya anasema kweli, na si haki kumwita mvivu. Gesi iliyowekwa pasipo matengenezo na pasipo mafunzo ni hatari kuliko kutokuwapo kwake.

Lakini "haiwezekani kila mahali" haina maana ya "haiwezekani popote". Hospitali ya rufaa au kliniki ya kufundishia yaweza kuwa kituo kimoja cha mkoa ambako wagonjwa wenye hofu kubwa na watoto hupelekwa. Janga la UVIKO-19 lilizisukuma nchi nyingi kuongeza uzalishaji wa oksijeni hospitalini, na oksijeni ndiyo nusu ya kwanza ya huduma hii. Kuhusu muda, ulinganisho wa haki ni na nusukaputi, ambayo mara nyingi ndiyo mbadala wa mtoto asiyetibika: chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, mtoto kushinda na njaa, na mzazi kupoteza siku ya kazi. Mwongozo huohuo wa NICE haumlazimishi anayetulizwa kwa nitrasi oksaidi na oksijeni peke yake kufunga kula kabla ya matibabu, ingawa mlo mzito haushauriwi kwa sababu ya kichefuchefu.

Kiini cha hoja zote: mafunzo ya mikono

Hoja hizi tatu zikichambuliwa, chini yake huonekana ya nne ambayo ni vigumu kuitamka: "Sikufundishwa." Ukosefu wa mafunzo ni miongoni mwa sababu zinazotajwa mara nyingi zaidi na madaktari wa meno wanapoulizwa kwa nini hawatumii utulizaji. Wapo waliofundishwa kwa mhadhara mmoja, wakajibu swali la mtihani, na hawakuwahi kugusa mashine. Mtu wa namna hiyo hukubali kwa maneno kwamba gesi ni nzuri, na huogopa kwa mikono. Tiba yake ni kusimamiwa akiitoa kwa wagonjwa halisi hadi azoee dalili za kiwango kizuri na za kiwango kilichopita. Katika baadhi ya kozi wanafunzi huivuta wenyewe chini ya usimamizi, ili wanachomwambia mgonjwa kuhusu vidole kuchonyota kitoke katika kujua.

Mafunzo hayo hayamhusu daktari peke yake. Tabibu wa meno, muuguzi na msaidizi wa kiti wote wanahitaji kujua kumwangalia mgonjwa, kusoma mfuko wa hewa, na kusaidia upumuaji endapo dharura itatokea.

Wasiofaa kupewa

Utulizaji kwa gesi haumfai kila mtu. Mwenye mafua au pua iliyoziba huahirishiwa, kwa kuwa gesi haitaingia. Mtoto mdogo asiyeweza kufuata maelekezo, na mtu anayeogopa kitu chochote kufunika uso, hawatanufaika. Gesi huepukwa katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito. Katika magonjwa sugu ya mapafu yaliyokithiri. Na kwa mwenye upungufu wa vitamini B12 ambao haujatibiwa. Huepukwa pia palipo na hewa iliyonaswa ndani ya mwili, kama vile hewa iliyovuja na kuzingira pafu, utumbo ulioziba, upasuaji wa sikio wa karibuni, au upasuaji wa jicho uliohusisha kuwekewa gesi, kwa sababu nitrasi oksaidi huingia katika nafasi hizo upesi na kuongeza shinikizo. Mgonjwa wa moyo, wa pumu au wa selimundu anaweza kufaa, ila uamuzi ufanywe kwa kushauriana na daktari wake.

Mgonjwa na mzazi waulize nini

Anayependekezewa huduma hii anayo haki ya kuuliza, na daktari mzuri hatachukizwa: Je, nitakuwa macho? Je, nitachomwa ganzi pia? Nani mwingine atakuwa chumbani? Mashine ilikaguliwa lini? Kuna mfumo wa kuinyonya gesi? Mtoto wangu ana ugonjwa huu na anatumia dawa hizi, je, gesi inamfaa? Nikibadili nia katikati itakuwaje?

Mgonjwa naye ana wajibu. Aeleze magonjwa yake yote, dawa anazotumia na kama ni mjamzito. Ale kidogo tu kabla ya kuja. Mtoto aletwe na mtu mzima atakayeondoka naye. Na mzazi asimwahidi mtoto kwamba "hutachomwa sindano", kwa kuwa ahadi isiyotimizwa huharibu kazi yote ya gesi.

Hitimisho

Nitrasi oksaidi ni dawa dhaifu, ya haraka na inayosameheka ikitolewa ipasavyo. Sababu za kutoitumia zipo, na baadhi ni nzito: chumba kisicho na mfumo wa kunyonya gesi, mashine isiyo na fundi, mhudumu asiye na mafunzo. Hizo ni sababu za kujiandaa. Kusema kwamba mgonjwa anayeogopa ajikaze si sababu ya kitabibu. Kituo kisicho na gesi bado kinaweza kuipima hofu, kuchoma ganzi taratibu, kukubaliana na mgonjwa juu ya ishara ya mkono, kuacha kuwashika watoto kwa nguvu pasipo dharura, na kumpa rufaa anayehitaji zaidi.

Maswali ya kujadili kazini

1. Katika kituo chako, nani huandika idadi ya wagonjwa walioondoka kabla ya kutibiwa, na sababu zao?

2. Mgonjwa aliyepewa asilimia 40 ya nitrasi oksaidi anaanza kufumba mdomo kila mara. Utafanya nini kwanza, na kwa nini?

3. Msaidizi wa kiti anatarajia kupata ujauzito. Chumba cha gesi kinapaswa kuwa na nini ndipo aendelee kufanya kazi humo?

4. Kati ya hoja tatu zilizojadiliwa, ipi husikika zaidi mahali pako pa kazi, na ni hatua gani moja inayoweza kuijibu ndani ya mwaka huu?